Ndiyo, Afande

Shwa, shwa, shwa. Brashi ya viatu ilikuwa kazini gizani, kabla hata jirani hajaanza kukohoa. Mama Kipipi alifumbua macho, akatega sikio. Mumewe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anang'arisha mabuti ambayo jeshi lenyewe lilikuwa limeshaacha kuyadai.

"Unakwenda kukata rufaa au gwaride?" akamuuliza kwa sauti ya chini, mtoto asiamke.

"Mbele ya mkubwa huendi na vumbi, Mama Kipipi."

"Vumbi walikutia wao."

Mumewe akaendelea kupiga brashi. Tangu aachishwe jeshi kwa sababu ya goti lake, kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake mpya. Aliyekuwa akichemka ni mkewe. Barua ya jeshi ilisema, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba malipo ya likizo ambazo hakuzichukua yamekataliwa, kwa kuwa mhusika alishapewa mapumziko.

Mapumziko. Neno hilo lilikuwa limemkwama Mama Kipipi kooni. Alipojifungua Kipipi, huyo mpumzikaji alikuwa mpakani na bunduki. Mama mkwe alipozikwa, huyo mpumzikaji alikuwa huko huko, amenyimwa ruhusa ya kumtupia mama yake udongo. Na sasa wamejibana watatu katika chumba cha uani kwa kaka yake Mama Kipipi, ambako wifi alikuwa ameanza kuuliza, huku akicheka kwa meno tu, hivi umeme wa nyumba hii unatumiwa na watu wangapi siku hizi. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya chumba chao wenyewe. Hakukuwa na nyingine.

Ofisini waliwekwa kwenye benchi la koridoni hadi jua likahama dirisha. Karani aliyevaa kombati alipita tena na kikombe chake cha chai. "Shemeji, vumilieni kidogo."

"Tumevumilia mpaka tumeota mizizi, shemeji," akamjibu. "Labda utumwagilie maji."

Baba Kipipi akamkanyaga kidole cha mguu, taratibu, kwa lile buti linalong'aa.

Meja aliyewapokea alikuwa mtu wa miwani na sauti ya upole, na upole huo ulimuudhi Mama Kipipi kuliko ukali. Alifungua jalada. Baba Kipipi akasimama wima, mikono imebana mapajani, goti likimtetemeka ndani ya suruali.

"Uliumia goti ukiwa kazini?"

"Ndiyo, afande."

"Ukapewa mapumziko?"

"Ndiyo, afande."

"Ukapumzika?"

"Ndiyo, afande."

Meja akafunga jalada. "Shemeji, umesikia. Mwenyewe amekiri."

Mama Kipipi akahisi masikio yanawaka. Kumbe hivi ndivyo walivyompata. Hakuna aliyemlaghai, walimuuliza tu, naye akaitikia.

"Hajakiri, afande. Ameitikia." Alikuwa ameshainuka, mtoto kiunoni. "Mwambie mvua inanyesha humu ndani, atakujibu ndiyo, afande, halafu atafute mwavuli. Mmemfundisha wenyewe. Muulize alipumzika wapi."

Meja akavua miwani. Hakuzoea kupangiwa maswali. "Haya. Ulipumzika wapi?"

"Zahanati ya kambi, afande. Kitandani. Mguu kwenye plasta, umening'inizwa."

"Hayo ni maradhi," Mama Kipipi akasema. Sauti ilianza kumtetemeka, naye akaichukia kwa kutetemeka. "Daktari kaandika apumzike, nyinyi mkasoma kaja nyumbani kula raha. Likizo ni mtu kufika mlangoni kwake, afande. Mlango huo niliukalia mimi. Mama yake kazikwa, mwana hayupo. Msiyaite hayo mapumziko mbele yangu."

Feni iliendelea kuzungusha joto lile lile. Meja hakumtazama, alimtazama askari wake wa zamani. "Tangu upelekwe mpakani, uliwahi kwenda nyumbani kwa likizo?"

Baba Kipipi akajinyoosha wima. Mkewe aliiona ile "ndiyo" imeshafika mdomoni, imevaa kombati, inasubiri amri.

"Hapana," akasema. Kisha, kama mtu aliyeangusha sahani ya watu, "Hapana, afande."

Meja akachukua kalamu. Akakata neno "mapumziko", juu yake akaandika "matibabu", akagonga muhuri. "Likizo zake zote zihesabiwe upya na zilipwe," akamwambia karani aliyesimama mlangoni. Pole hakusema, na hasira ya Mama Kipipi ikabaki imesimama na mzigo wake, haioni pa kuutua. Badala yake, meja alimwinamia mtoto, akalazimisha tabasamu.

"Na wewe, binti, baba alikuwa anakaa wapi siku zote hizo?"

Kipipi akamtazama yule mwanamume wa mabuti, akamgeukia tena meja.

"Baba alikuwa anakaa kwenye simu."