Joho la Mikono ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla sijafungua cherehani, namwomba Mungu hekima. Nilidhani itakuja na heshima zake, watu waje kuniuliza mambo. Nilichopata ni magonjwa ya mgongo na majoho ya kwaya ya kanisa letu, yanayotakiwa Jumapili.

Siku hiyo nilimwachia mkwe wangu mkasi. Tangu mimba yake iharibike alikuwa akikaa tu dirishani, haongei, mwanangu anamzungukazunguka asijue la kufanya. Wiki hiyo ndiyo kwanza aliomba kazi mwenyewe. Nikampa joho la mwisho akate peke yake.

Niliporudi kutoka kupiga pasi, nilimkuta amesimama mbele ya meza, mkono mdomoni.

"Mama, nimeharibu."

Kitambaa kile kina uso na mgongo. Ukikikunja uso kwa uso, ukikata unapata mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye alipanga vipande vyote viwili uso juu. Mikono yote ya kushoto! Na kitambaa kimekwisha, kasoro kipande nilichojiwekea cha joho langu mwenyewe, maana na mimi naimba sauti ya pili.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Maneno nilikuwa nayo, tena makali, na ulimi wangu haujawahi kunyimwa kazi. Nikamtazama. Alikuwa ameshaanza kuvua tondoo, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, taratibu, kama mtu anayeaga. Nikajua nikifungua mdomo hatarudi tena mezani, atarudi dirishani.

Nikatoka nje. Nikanywa maji, kikombe kizima, sina hata kiu. Mungu wangu, kunyamaza kunachosha kuliko kufua mablanketi.

Niliporudi nilimuuliza, "Umekula?"

Akatikisa kichwa. Nikamkatia mkate, nikakaa naye mpaka akamaliza. Kisha nikatoa kitambaa changu, nikakitandaza mezani, nikamrudishia mkasi.

"Hiki si chako, mama?"

"Nitaimba nimesimama nyuma. Sauti haivai joho. Kata."

Alikikunja uso kwa uso, akapapasa mara mbili. Akaweka mkasi kwenye ukingo wa kitambaa.

"Nikikosea tena je?"

"Hapo nitakugombeza mpaka majirani waje. Leo nimechoka."

Akacheka. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko chake tangu msiba. Nikainamia cherehani, nikajifanya natafuta sindano, machozi yasije yakalowesha kazi ya watu.