Kipimo cha Pili

Kazini walimwita Chujio, na hakuwa mtu wa kuchukia utani. Jina lilitokana na fankshoni, yaani kipande cha programu ya kompyuta, aliyoiandika miaka sita nyuma, ambayo idara nzima iliitegemea mpaka leo. Fankshoni nyingi hupewa namba au orodha, zikarudisha jibu. Ya kwake ilipewa orodha pamoja na fankshoni nyingine, ndiyo kipimo. Unaipa majina na kipimo unachotaka, inakurudishia waliofaulu. Ukitaka jambo jingine, chujio huligusi, unabadilisha kipimo tu. Mtu aliyetengeneza kitu kizuri namna hiyo ungedhani hakosi wa kula naye mchana. Wapi! Alikula peke yake, mezani kwake, makombo yakiingia kwenye kibodi.

Jumatatu hiyo hata mkate ulimshinda. Mbele yake ilikuwapo fomu ya hospitali. Alhamisi angepasuliwa ngiri, na daktari alishamwonya asicheze na muda. Fomu ameijaza yote isipokuwa mstari mmoja: jina na simu ya mtu atakayekuja kukuchukua. Bila jina hilo hawampokei, na fomu ilitakiwa saa kumi.

Simu yake ilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili. Mwingine angefumba macho akachagua. Lakini fundi ni fundi. Akaingiza kwenye kompyuta ujumbe wote wa mwaka, akaandika kipimo: nani ameniandikia hata mara moja bila "naomba", bila "nisaidie", bila "samahani kwa usumbufu"? Akalipatia chujio kipimo hicho.

Likarudisha jina moja. Dada.

Ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mara kumi na moja mwaka huo alikuwa ameandika, "Mdogo wangu, nakusalimu tu." Akatafuta alimjibu nini. Hakumjibu hata mara moja. Aibu ikamshika, na hapo ndipo akafanya jambo ambalo heri asingelifanya. Chujio akaliacha vilevile, akabadilisha kipimo. Mimi je, nimemwandikia nani bila kuwa na shida?

Hakuna hata mmoja. Akadhani amekosea, akakagua mstari kwa mstari, akaendesha tena. Hakuna. Chujio halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa na miguu miwili, na lilikuwa limekaa kitini.

Akampigia dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una shida gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ameshazoea, basi. Chujio akaitazama fomu. Ombi lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Sina shida. Nimekupigia tu."

 Akamsikia dada akiwaambia watoto, "Mjomba wenu huyu. Anasema hana shida." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kulia. Wakaongea dakika arobaini: paa linalovuja, kitinda mimba aliyegoma kwenda shule, jino la juu linalomsumbua dada. Dada akicheka naye akicheka, mkono mmoja ameukandamiza tumboni pale panapouma. Upweke alioukalia miaka yote hiyo ukamwelemea zaidi sasa alipokuwa na mtu wa kuongea naye.

"Na wewe mzima?"

"Mzima kabisa."

"Haya, mdogo wangu. Umenifurahisha leo, hujui tu."

Saa kumi kasoro robo akapiga simu hospitali, akaomba upasuaji wa Alhamisi usogezwe mbele.

"Daktari hatapenda," muuguzi alisema. "Mpaka lini?"

Akapiga hesabu ni simu ngapi za salamu zingetosha kabla ya ile moja ya kuomba.

"Nipe mwezi," alisema. "Wa kunichukua yupo. Bado sijamsalimia vya kutosha."