Kamati ya Harusi ya Montesordo

Vicent alitoka Houston na suti, joto lote hili la Agosti, kuja kutufundisha historia ya mji wa Italia sebuleni kwangu hapa Carrollton, Marekani. Kamati ya harusi ilikuwa na kikao chake cha kwanza. Pilau nimepika mimi, na bibi harusi mtarajiwa, Angel, mtoto wa marehemu dada yangu, amekaa pembeni. Mchumba wake, huyo Vicent, akaunganisha simu na TV yangu, ukatokea mnara.

"Hii ni Montesordo," alisema. "Mnara ni wa karne ya kumi na tatu. Bwana mkubwa wa hapa ndiye aliyechimbisha mfereji, maji yakafika mpaka uwanjani."

Babu yake Vicent, kule Marangu, anamwagilia migomba kwa mfereji uliochimbwa na ukoo wao wenyewe. Muulize Vicent nani aliuanza. Hajui, wala haoni haja ya kujua, maana haukuchimbwa na Mzungu mwenye ngome.

Akaendelea. Kanisa lina jino la mtakatifu. Bondeni kuna mizeituni, kilima cha pili wanatengeneza jibini na kulifukia ardhini, na ule ukuta ulijengwa kuwazuia majirani waliokuja kuiba kengele. Watu wazima wamepigana vizazi na vizazi kwa ajili ya kengele, halafu sisi ndio tupande ndege kwenda kuwashangaa. Sospeter, mwenyekiti wetu, alikuwa anatikisa kichwa kwa hekima, na najua alikuwa anawaza pilau.

"So venue ni hapa," Vicent alisema. "June mwakani. Wanao-commit kuja, nyoosheni mikono."

Mikono ikapanda sebule nzima. Nilitaka kucheka na kutukana kwa pamoja. Kwetu hapa mtu atakuuliza mshahara wako, kabila lako, hata kwa nini huzai, lakini karatasi za ukaazi haulizwi. Nusu ya mikono ile ni ya watu ambao kesi zao za uhamiaji hazijaisha; wakitoka Marekani, hawarudi. Wamenyoosha kwa heshima tu, wasimwaibishe mtu. Na yeye Vicent, mwenye pasipoti ya Marekani tangu utotoni, anachekelea mikono kama mwanasiasa.

Mkono wa Angel peke yake haukupanda.

"Baby, wewe si lazima unyooshe," Vicent alisema huku anacheka. "Wewe ndiye bibi harusi."

"Mimi siendi," Angel alisema. "Karatasi zangu bado. Nikitoka sirudi."

Mikono ikaanza kushuka, polepole, kila mmoja akimtazama jirani yake. Vicent akanigeukia mimi.

"Mama mdogo, kwani zake zitachukua muda gani?"

Nilimdharau mpaka nikamwonea aibu. "Muulize mwenyewe. Si huyo mbele yako?"

Akageuka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nataka tufunge hapa, kwa mama mdogo," Angel alisema. "Si mara moja. Kila nikisema, unanitumia picha za mnara."

Vicent alizima TV. Alikaa kwenye ncha ya kochi, suti imemlowa mgongoni.

"Haya," alisema hatimaye. "Nani anajua ukumbi mzuri hapa Carrollton?"

Sospeter akafungua mdomo kujibu. Angel alimwahi.

"Subiri, mzee," alisema. "Kwanza tujue kama kuna harusi."