Nyasi Mlangoni

Emelyne alichuchumaa mbele ya nyumba yake, akaokota punje nyeupe kati ya nyasi zilizokauka, akaiweka kwenye ulimi. Chumvi. Akatema, akageuza macho taratibu upande wa pili wa ua wa mabua, nyumbani kwa jirani yake Klementina, na hapo hapo moyo wake ukatoa hukumu.

Nani mwingine? Watu wengine wa Katumba wananunua chumvi ya kupikia, basi. Klementina anauza samaki, ni mtu wa Karema kule ziwani, na chumvi ya kukaushia migebuka, samaki wa kwao, anaweka gunia zima ndani. Ushahidi gani tena ulitakiwa?

Nyasi zenyewe hazikuwa za pale. Venant, mume wa Emelyne, alikwenda Mufindi kutafuta kazi kwenye chai, na huko kwenye baridi na ukungu wakampa bustani ya meneja aitunze. Krismasi iliyopita hakuja. Alituma kwa basi gunia lililoloweshwa maji, limejaa vipandikizi vya nyasi, akapiga simu akasema, "Panda mbele ya nyumba mpaka mlangoni. Nikirudi nikute zulia." Emelyne alishika neno moja tu: nikirudi. Watu walishaanza kunong'ona kwamba Venant ana mtu wake huko kwenye chai, na nyasi zikawa jibu lake kwao. Mwanaume anayepamba mlango, alijiambia, ana nia ya kuupita.

Akazitunza kuliko mahindi. Msimu wa mvua ulipokolea na joto lake la kunata, Venant alimwelekeza kwa simu. Nyasi za baridi zinateseka kwenye joto, alisema, kwa hiyo asizikate fupi, aziache zifunike udongo usiungue. Mvua ikikatika amwagilie alfajiri, kamwe si jioni, maana zikilala na maji zinaoza. Mbolea ingoje joto lipungue. Emelyne alitii yote, na pembeni ya ukuta ambako fyekeo halifiki alikata kwa mkasi wa kushonea. Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacha wacheke.

Kisha madoa yakatokea, makavu, rangi ya tumbaku, yote karibu na mlango.

"Unamwagilia jioni?" Venant aliuliza.

"Alfajiri."

"Umeweka mbolea?"

"Hata punje."

"Basi kuna mtu."

Kuna mtu! Mwambie hivyo mwanamke anayelala peke yake, umempa kazi ya kudumu. Tangu siku hiyo Klementina akisalimia, anajipendekeza; asiposalimia, ana lake jambo; na akiuliza, "Nyasi zinaendeleaje, jirani?" anapima kama dawa imefanya kazi. Emelyne alimuuliza hata mama mkwe wake, bibi Annonciata, ambaye anaishi naye na huamka kabla ya wote kufagia uwanja, "Mama, asubuhi humwoni mtu hapa?" Mzee aliinamia ufagio wake. "Mimi naona uwanja tu, mwanangu."

Sasa chumvi ilikuwa mdomoni. Emelyne hakunawa hata uso. Alimkuta Klementina kwenye meza yake ya samaki barabarani, wateja wamemzunguka na mabeseni.

"Nimekukosea nini, Klementina? Chumvi yako inaua nyasi zangu! Mchawi mkubwa we!"

Wanawake wakarudi nyuma na mabeseni yao. Neno hilo huku halichezewi. Limewahi kuhamisha watu kijijini. Klementina aliweka kisu chini.

"Chumvi yangu iko kwako, kweli," alisema. "Mama mkwe wako anakuja na bakuli, anasema nyie mmeishiwa. Nampa. Akija tena nampa tena. Nimekuwa najiuliza hawa watu wanakula mboga gani."

Mtu mmoja akacheka. Emelyne alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani, Annonciata alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Alipoulizwa habari za bakuli hakukana, wala hakuacha kuchambua.

"Nilikuwa mtoto tulipokimbia Burundi," alisema. "Baba alirudi kwa kujificha kuangalia nyumba. Alipotufikia huku, mama akamuuliza vipi, akasema majani yamefika mlangoni. Mama alilia kama amefiwa. Na kweli hatukurudi. Nyumba inayongoja mtu inafagiwa, Emelyne. Mimi kila alfajiri namfagilia mwanangu njia, na wewe unaiotesha majani."

"Yeye ndiye aliyezituma, mama."

"Najua. Ndiyo maana naogopa. Mtu anayekuja hatumi majani. Anakuja yeye."

Emelyne alitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kushika. Alikumbuka simu zote za Venant. Ameuliza urefu wa nyasi, rangi yake, maji yake. Siku ya kuja hajawahi kuitaja, na yeye mwenyewe hajawahi kuiuliza. Muda wote huo alikuwa anachungulia ua ambao haukuwa na kitu, na aibu ilimchoma.

Alirudi kwenye meza ya samaki, akasema mbele za wanawake wale wale kwamba amekosa. Klementina hakumrahisishia. "Neno ulilonitupia haliondoki kwa pole moja. Kesho njoo unisaidie kupaa samaki hapa hapa, watu wakuone. Ndipo tutaongea."

"Nitakuja," Emelyne alisema.

Jioni Venant alipiga simu.

"Nyasi vipi?"

"Za mlangoni zimekufa."

"Nani ameziua?"

Annonciata, aliyekuwa anaanua nguo, alisimama na khanga mkononi.

"Mimi," Emelyne alisema. "Nilitaka upate pa kupita. Ukizitaka, njoo uzipande mwenyewe. Unakuja lini?"

Emelyne alisikia pumzi ya mume wake, akasikia mbwa wa Mufindi akibweka mbali, akasikia Venant anakohoa.

"Mtandao unasumbua," alisema Venant, na simu ikakatika.

Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Emelyne alikaa na simu mapajani mpaka kioo kikazimika. Annonciata akamsogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Amesema lini?"

Emelyne alifuta macho kwa kiganja, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

"Tutapanda mchicha hapa, mama."

Mzee aliutazama ule uwanja alioufagia miaka yote. "Hata mlangoni?"

"Hata mlangoni."