Kichwa cha Bibi Afya

Nina mabinti wawili, na Mungu hakunionea haya hata kidogo: mkubwa alimpa mdomo wa kuamrisha, mdogo akampa masikio ya kutosikia. Mkubwa ni afisa afya wa halmashauri. Mji mzima unamwita Bibi Afya, na hata mimi niliyemzaa, nikiwa na haraka, namwita hivyo hivyo. Mdogo ni msusi. Ndiye kitinda mimba wangu, kwa hiyo tunamwita Kitinda, na mjini vidole vyake vinajulikana kuliko sura yake.

Ugonjwa ulipoingia, Bibi Afya ndiye aliyepita mlango kwa mlango akifunga biashara za watu. Kwenye saluni ya mdogo wake angeweza kumtuma mtu mwingine. Lakini yeye ni mtu wa haki, na watu wa haki ni taabu tupu kuishi nao. Alikuja mwenyewe, akabandika karatasi mlangoni huku mteja yuko kitini na chanuo limechomekwa kichwani, akasema, "Naomba kila mtu atoke," kwa sauti ile ile anayoitumia buchani. Kitinda hakubishana. Alichomoa chanuo, akafuta meza, akamwambia dada yake, "Asante, afisa." Tangu siku hiyo hawakuongea tena.

Hawakuongea wao. Mimi niliongea mpaka koo likakauka, maana niligeuzwa posta. "Mama, mwambie mwanao asisahau dawa zako za presha." "Mama, mwambie afisa dawa nimeshanunua." Wakati mwingine wote wawili wako sebuleni kwangu, mmoja amesimama dirishani, mwingine mlangoni, na mimi katikati nageuza shingo huku na huku kuwapelekea salamu ambazo kila mmoja ameshazisikia. Majirani niliwasimulia nikicheka. Nikiingia ndani nililia. Sikuzaa watoto ili waishi kama wapangaji waliogombania bomba. Nilitaka jambo moja tu kabla sijaondoka duniani, na miezi ile kuondoka hakukuwa mbali na mtu yeyote: nimsikie mmoja anamwambia mwenzake neno moja bila kupitia kwangu.

Mwishowe halmashauri ikatoa mwongozo wa kufungua. Maduka na saluni zitangulie, shule zifuate baadaye, ili watu wazima waonyeshe kwanza kama wana akili kabla ya kuwaachia watoto. Mwongozo aliuandika Bibi Afya. Hapakuwa na haja ya kuambiwa, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kutia "ni marufuku" mara tatu katika sentensi moja. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Madirisha yawe wazi muda wote. Barakoa kwa fundi na kwa mteja. Magazeti, mito na vitu vyote vinavyoshikwa na kila mtu viondolewe. Wasio wateja wasikae ndani. Na mteja asikalie kiti cha saluni kwa zaidi ya saa moja.

Hapo penye wasio wateja palinilenga mimi. Benchi la saluni ile ndilo kiti changu cha uzeeni. Hapo ndipo ninapopata habari za mji zikiwa bado za moto. Kitinda alilibeba benchi akalitoa nje, akaliweka chini ya dirisha, kisha akanishika mkono akanipeleka.

"Mwanao kasema," aliniambia.

"Basi nisuke, niwe mteja."

Alikitazama kichwa changu kwa huruma. "Nikusuke nini, mama? Hizo zilizobaki tuziache zipumzike."

Nikakaa nje. Ila dirisha lilikuwa wazi, kama mwongozo ulivyotaka, na macho na masikio yangu hayakutajwa popote.

Kilichonitisha ni jinsi Kitinda alivyoisoma ile habari ya saa moja. Alitabasamu, na tabasamu lile mimi nalijua tangu akiwa na meno ya utoto. "Hii kaniandikia mimi," akasema. "Anajua fika kichwa kimoja hakiishi kwa saa moja. Kanifungia kwanza, sasa ananifungulia nusu. Sawa. Sheria ni sheria." Akaenda duka la jirani akarudi na saa ya mezani, zile zenye kengele mbili juu, akaiweka mbele ya kioo.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu. Alikaa, akafurahi, akasimulia yote yaliyompata kipindi cha kufungiwa. Kengele ilipolia, Kitinda aliinua mikono yote miwili juu akarudi nyuma.

"Muda umeisha, dada. Karibu kesho."

Fundi cherehani alijitazama kiooni. Kulia mistari imelala safi mpaka kisogoni. Kushoto msitu. "Na huku kushoto?"

"Kushoto ni kesho."

Basi mji ukaanza kutembea nusu nusu, maana foleni ilikuwa ndefu na hiyo kesho ya Kitinda ilichukua siku kadhaa kufika. Karani wa benki alihudumia watu akiwa ameupa mlango ubavu mmoja, na kila aliyemwita upande wa pili hakuitikiwa. Mwalimu wa chekechea alihudhuria kikao cha maandalizi ya shule na kofia ya jua, ndani ya chumba. Mume wa mmoja wao alikuja saluni kuuliza, kwa adabu kabisa, lini atarudishiwa mke mzima. Na kwa kuwa Kitinda alimwambia kila anayelalamika kwamba sheria si yake, wanawake walikwenda kwa mwenye sheria. Walipanga foleni nje ya ofisi ya halmashauri, kila mmoja akifika dirishani anavua kitambaa, anageuka kushoto, anageuka kulia, anaondoka.

Mngedhani Kitinda anafurahi. Mimi niliyekaa chini ya dirisha niliona. Kila kengele ikilia, akishamtoa mteja, alichungulia barabarani kuelekea upande wa halmashauri, kisha akarudi kufagia sakafu ambayo ilikuwa safi.

Jumapili, mkesha wa shule kufunguliwa, Bibi Afya akaja. Kofia ya kazi alikuwa ameivuta mpaka masikioni. Alinawa kwenye ndoo kama mtu anayekwenda kupasua wagonjwa, akaikagua sabuni, halafu badala ya kuingia akasimama kando yangu, nje ya dirisha.

"Mama, mwambie msusi wako ofisi yangu imejaa vichwa."

Kitinda hakuinua macho. Alikuwa anachambua nywele bandia. "Mama, mwambie afisa vichwa vinafuata mwongozo."

"Mwambie kama ana hasira na mimi anitukane, aache kutesa watu. Saa moja inatosha kabisa kwa mtu anayetaka kufanya kazi."

"Mwulize inatosha kusuka nini. Nyusi?"

"Mwambie mimi nimesukwa kwenye kiti hicho miaka yote," alisema Bibi Afya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli tupu, "na haijawahi hata siku moja kupita saa moja. Nakaa, nafumba macho kidogo, nafumbua, tayari nimeshasukwa. Sasa kwa wengine kuna nini?"

Nywele bandia zikabaki hewani mkononi mwa Kitinda.

Lazima niwaeleze kuhusu mtoto huyu mkubwa. Tangu akiwa mdogo, ukimgusa kichwa na chanuo, amelala. Nilikuwa nikimsuka sakafuni, katikati ya magoti yangu, na nikimaliza namwacha hapo hapo namwekea shuka, maana hata jiko likilipuka hangeamka. Kitinda alipojifunza kazi, usingizi ule wa dada yake akaurithi yeye kutoka kwangu. Bibi Afya alikuwa akiingia saluni asubuhi, anakaa, shingo inalegea, Kitinda anamwekea mto chini ya shavu na kumzunguka kwa nyayo nyepesi mpaka jua linahamia dirisha la pili. Mwenyewe akiamka anajitazama kiooni, anasema asante, huyo anaondoka. Hakuwahi kuuliza ni saa ngapi. Mwanamke anayepima joto la friji za watu mji mzima, na mwongozo wake ameuandikia ndotoni.

Nilicheka mpaka barakoa ikalowa. Nilijaribu kuacha, nikashindwa, nikashika ukuta.

Kitinda hakucheka. "Mama," akasema polepole, "mwulize anadhani huwa anafumba macho kwa muda gani."

"Dakika mbili tatu," Bibi Afya akajibu. Alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake, akaanza kupata wasiwasi. "Si zaidi. Au?"

"Mwambie aingie akae," akasema Kitinda. "Leo aione saa moja ilivyo."

"Naingia. Na leo silali."

Akaingia, akakaa, akavua kofia. Wanawake wawili watatu wenye vichwa vya nusu walikuwa wanangoja zamu ng'ambo ya barabara, kila mmoja kwenye mstari wake wa chokaa wa kuachiana nafasi, fundi cherehani akiwa wa mbele. Wote wakanyoosha shingo. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na nilichokiona kikanikata kicheko.

Sikuwa nimekiona kichwa kile bila kofia tangu saluni ifungwe. Wasusi wa majumbani walikuwapo, angeweza kumwita mmoja kwa siri kama walivyofanya wake za wakubwa, lakini nilipomshauri hivyo alinijibu kwamba kichwa chake kina mwenyewe. Nywele zilikuwa zimejisokota zikashikana. Pale kamba za barakoa zinapopita, juu ya masikio, zilikuwa zimekatika. Na mbele, juu ya paji la uso, mvi zilikuwa zimeingia, nyingi, kwa mtoto ambaye mimi bado namkumbuka na kaptula. Miezi yote ile alikuwa anasimama makaburini kuwaambia watu wasikaribie maiti za wazazi wao, kisha anarudi kulala na simu juu ya mto. Mimi nikajiona nina taabu kwa sababu nimekuwa posta. Nilimwonea huruma mwanangu.

Kitinda naye alikuwa ameona. Chanuo lilikaa hewani kitambo. Halafu akaivuta saa, akaitegesha, akaiweka mbele ya kioo mahali pake, maana mkaidi ni mkaidi. Akachota mafuta, akaanza kufumua zile nywele kutoka nchani, kidogo kidogo, bila kuvuta.

Bibi Afya alikuwa ameyakodoa macho kama askari. "Mama, mwambie asiongeze nywele bandia, nataka mistari ya kawaida," alisema. Nikamwambia. "Mama, kesho nasimama pale shuleni mbele ya wazazi. Wataogopa. Wapo watakaofika getini na kugeuza na watoto wao. Wakiniona mimi mwenyewe nimechakaa hivi, wataniaminije nikiwaambia watoto watakuwa salama?" Sikujua hilo nimpelekee nani. "Mama, mwambie..." akaanza tena. Mafuta yakaingia, chanuo likapita mara moja, mara ya pili, na ujumbe ule sikuupata kamwe.

Kichwa kiliinama. Kitinda alikidaka kwenye paji la uso kwa kiganja, akakishikilia hapo, na kwa mkono wa pili akapapasa chini ya meza akatoa mto. Ule ule. Magazeti alikuwa ameyachoma, mito ya benchi ameigawa, kila kilichokatazwa kimeondoka. Mto wa dada yake alikuwa ameufua na kuufunga ndani ya mfuko msafi, tayari kwa mtu ambaye alikuwa hasemi naye.

Alimsuka. Nimemwona akisuka maharusi na wake za viongozi, lakini sijawahi kumwona akisuka vile. Mshale wa saa nao ukawa unakwenda, nami nautazama. Ng'ambo ya barabara vichwa vya nusu vilikuwa vinaitazama saa ile ile, na sikuwalaumu kwa furaha yao. Ikilia, Bibi Afya ataamka na upande mmoja kama wao. Kesho ataingia shuleni na kofia, au bila kofia na kila mtu amcheke. Kitinda atakuwa ameshinda. Na wao wataongea siku ya mazishi yangu tu, kama watu watawalazimisha, na mimi mwenyewe nisiwasikie.

Upande wa kulia ulipokwisha, Kitinda aliacha kusuka. Aliitazama saa. Akaichukua, akaja nayo mpaka dirishani kwa nyayo zake zile za zamani, akaniwekea mapajani. Hakunitazama vizuri machoni. Akarudi kitini, akaanza upande wa kushoto.

Mimi sijui saa zile zinazimwaje. Niligeuza kitufe kimoja, nikageuza cha pili, nikaiona mishale inakaribiana. Nikaifunga kwenye shali langu. Bado nikaona haitoshi. Basi nikaiweka benchini, nikaikalia.

Ikalia. Benchi likatetemeka, na mimi nikatetemeka nalo, nikatazama mawingu.

"Mama," fundi cherehani akaniita kutoka kwenye chokaa yake, amejishika upande wa kushoto. "Ndiyo hiyo imelia?"

"Mimi sijasikia kitu," nikamjibu, meno yakigongana.

Aliniangalia. Aliangalia dirishani, kile kichwa juu ya mto. Kisha akafunga kitambaa chake vizuri, akawaambia wenzake kwamba na yeye hajasikia.

Ndani, kiti kililia. Sauti ya Bibi Afya ikatoka nzito, ya usingizi, sauti aliyokuwa nayo kabla hajawa afisa wa chochote. Hakusema "Mama, mwulize."

"Muda umeisha?"

"Bado," Kitinda akamjibu. "Lala, dada."

Sikugeuka kuwatazama. Kazi yangu ya posta ilikuwa imekwisha, na kengele bado ilikuwa inanitetemesha.