Kabari za Tao la Lahrbach

Meya wa Lahrbach alitaka ukumbi wa mji wenye kuta nene na matao ya duara, kama majengo ya wafalme wa miaka mia saba iliyopita. Mji wenyewe ulikuwa na kiwanda kimoja cha soksi, lakini Meya alipenda makuu. Mtawala wa Baden angekuja kuufungua ukumbi huo Jumapili. Leo Ijumaa, tao la mlango mkuu bado lilibebwa na kiunzi cha mbao, na mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili bila kukatika.

"Kiunzi kiondolewe," Meya aliamuru.

Kwa desturi yao, kiunzi kikiondolewa, fundi mwashi aliyejenga tao husimama chini yake. Akitoka kabla tao halijasimama lenyewe, amejitangaza kuwa haiamini kazi yake, na hapati kazi tena. Korbinian, mwashi wa tao hili, akaingia, akasimama. Nyundo alikuwa nayo Wendelin, seremala aliyeunda kiunzi, kaka wa mke wa Korbinian.

Wendelin aligonga kabari ya kwanza kati ya zile zilizokaza kiunzi. Ikalegea. Juu mawe yakalia, na tone la chokaa likamdondokea Korbinian begani, laini kama uji. Wendelin akachomeka ukucha kati ya mawe mawili, ukazama wote.

"Shemeji, toka," alinong'ona. "Chokaa bado mbichi."

"Najua. Nilimwambia Meya tangu Jumanne, akaniita mwoga." Korbinian hakugeuza shingo. "Gonga tu, bwana. Dada yako anatuangalia."

"Ndiyo maana nakwambia toka!"

"Nikitoka, watoto watakula nini? Gonga."

"Mnapiga umbea huko?" Meya alipaza sauti, na umati ukacheka. "Seremala kama amechoka, nyundo apewe mwingine!"

Na kweli wangempa mwingine. Wendelin aliinua nyundo, akairudisha kabari kwa mapigo matatu ya hasira mpaka mbao ikapasuka, asiwepo wa kuing'oa bila msumeno.

"Kosa langu!" alipiga kelele. "Mbao zangu zimevimba kwa mvua. Tukilazimisha, kiunzi kitapinda kilivunje tao la watu. Tao halina neno. Mimi ndiye niliyechagua mbao mbovu!"

Uwanja mzima ukamzomea. Miaka ishirini ya jina zuri ikaenda na kelele zile, na ilimuuma, asikudanganye mtu.

Sasa Korbinian angeweza kutoka bila aibu, tena ilimpasa atoke anafoka ili watu waamini. Akatoka.

"Seremala gani wewe! Kuni ndizo unazoniletea mimi?"

Sauti ilikuwa kali vya kutosha. Lakini alikuwa ameushika mkono wa Wendelin, na hakuuachia hata Meya alipomfukuza kazi seremala yule mbele ya watu wote.