Mama Aliyekaa Mwisho wa Jukwaa

Saa mbili kasorobo asubuhi Komora alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha afya mjini Garsen, mkononi ameshika kadi ya plastiki yenye namba sita. Kadi zilikuwa sita tu. Muuguzi wa afya ya akili alikuja kutoka Hola mara moja kwa mwezi, na karani wa dirishani, kijana aliyeitwa Ngumbao, alikuwa na desturi ya kuzigawa kadi hizo kabla gari la muuguzi halijafika. Akishazimaliza hufunga dirisha na kwenda kunywa chai.

Komora alikuwa ametoka Kilelengwani kwa bodaboda kukiwa bado na ubaridi wa alfajiri. Vumbi lilikuwa limemwingia mpaka kwenye kola ya shati la kazi, lile la samawati lenye nembo ya kampuni mfukoni. Josephine, mkewe, ndiye aliyesisitiza alivae, kwa sababu watu wa ofisi humsikiliza mtu mwenye sare. Jirani wote Josephine alikuwa amewaambia kwamba mumewe, dereva wa treni za abiria Nairobi, amekuja likizo. Likizo hiyo sasa ilikuwa imefika miezi mitatu, na jirani walikuwa wameacha kuuliza.

Ndani ya bahasha aliyoilaza mapajani mlikuwa na fomu ya ukurasa mmoja. Juu palikuwa na jina lake na namba yake ya kazi. Chini palikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa Anafaa kuendesha, kingine Hafai. Mtaalamu wa afya ya akili alitakiwa kutia alama kwenye kimoja, kusaini na kupiga muhuri, na fomu ifike ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo. Ikichelewa, barua ilisema, mfanyakazi atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Barua hiyo ilikuwa imemfikia siku tisa baada ya kuandikwa. Mwezi uliotangulia alikuwa amefika hapa hapa, akaambiwa gari la Hola halina mafuta.

Leo gari lilifika saa nne. Muuguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, Sista Abdia, na gari hilo alipewa kwa masharti: lilikuwa la watu wa chanjo, na saa nane lilitakiwa kuondoka. Aliingia kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya vyandarua na namba moja akaitwa.

Komora alisubiri. Alijizuia asiitazame saa ya ukutani kwa sababu mshale wake wa sekunde ulikuwa ukigonga, na siku hizi kila kitu kilichogonga kwa mpigo mmoja kilimrudishia magurudumu ya treni relini. Mara mbili alikuwa amesimamisha treni bure. Mara ya kwanza ilikuwa leso iliyonaswa na upepo kwenye ua wa miba kando ya reli. Mara ya pili hapakuwa na kitu kabisa. Abiria mia saba walisimama katikati ya njia kwa dakika kumi na nane wakimtukana, na mkubwa wake akamwita akamwambia aende nyumbani akapumzike, bila mshahara, mpaka akili itulie.

Saa sita kasoro, namba tano akiwa ndani, waliingia mwanamke na mwanamume kutoka upande wa malisho. Mwanamke alikuwa Mworma wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani uliopauka, na alikuwa amemshika mwenzake kiwiko kama mtu anayemwongoza kipofu. Mwanamume hakuwa kipofu. Alikuwa mrefu, mifupa ya mabega imetokeza, na alikaa pale alipokalishwa. Mwanamke akaenda dirishani. Ngumbao alimsikiliza kidogo, akamwonyesha kisanduku kitupu cha kadi, akamwambia waje mwezi ujao na wawahi.

Mwanamke akarudi kwenye benchi. Akaanza kumwambia Komora, labda kwa sababu ya lile shati.

"Kaka, hii karani nasema kuja mwezi ingine," alisema. "Mwezi ingine iko mbali."

Jina lake lilikuwa Qabale, na yule alikuwa kaka yake, Bule. Komora alielezwa kwa Kiswahili cha vipande vipande kwamba Bule alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili, ukame ukamwachia watatu, na wale watatu wakafa wiki moja baada ya mvua kurudi, tope limewanasa. Hapo alilia, na Qabale alielewa. Lakini kilio kiliisha, na juzi akaanza kutembea nyumba kwa nyumba akisalimia watu.

"Fimbo yake amepa jirani," Qabale alisema. "Redio amepa mtoto ya mimi. Viatu pia. Mimi nauliza, Bule, unaenda wapi? Yeye nasema, hapana enda mahali."

Komora akamtazama Bule miguuni. Alikuwa peku, nyayo zimepasuka, na mikono ameilaza juu ya mapaja, viganja vikitazama juu. Alikuwa ametulia. Ule utulivu Komora aliujua.

Asubuhi tatu mfululizo alikuwa ameuona kwenye stesheni moja ndogo nje kidogo ya Nairobi. Mwanamke mwenye sweta la kijivu alikuwa akikaa mwisho kabisa wa jukwaa, mahali ambapo mabehewa hayafiki, mikono mapajani hivyo hivyo. Treni ikija haingii, ikiondoka haiangalii. Siku ya pili macho yao yalikutana, naye Komora akampungia mkono. Siku ya tatu alimwita mkuu wa stesheni dirishani akamwambia kuna mama pale haendi popote, atume mtu akamwulize. Mkuu wa stesheni alisema yeye ana watu wawili tu na wote wanakagua tiketi, na pengine yule anangoja mtu. Komora alikuwa na dakika mbili za kusimama pale. Dakika mbili zilitosha kushuka na kumwamkia. Lakini dereva haruhusiwi kuacha kiti, na siku hiyo walikuwa tayari wamechelewa. Akapiga honi, akaondoka.

Siku ya nne mama yule hakuwa kwenye jukwaa. Alikuwa mbele, relini. Komora alivuta breki zote alizokuwa nazo, na treni ikafanya kile treni inachofanya, ikaendelea kwenda.

Mlango wa stoo ulifunguliwa, namba tano akatoka. Ilikuwa saa sita na nusu. Komora alisimama na bahasha yake, akapiga hatua mbili, akasimama. Kisha akarudi akaiweka kadi kwenye kiganja cha Bule, na Bule aliitazama kana kwamba hajui ni kitu gani.

"Ingieni nyinyi," Komora alimwambia Qabale. "Mwambie sista hayo uliyoniambia. Ya fimbo, ya viatu, usiache hata moja."

Ngumbao alitoka nje ya chumba chake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kadi haihamishwi, alisema, jina la namba sita limeshaandikwa kwenye rejista. Komora akamwambia alifute. Ngumbao akaeleza kwamba rejista haifutwi, ni mali ya serikali. Walibishana hivyo, wala si kwa sauti kubwa, mpaka Sista Abdia mwenyewe alipotokeza mlangoni, akamtazama Bule mara moja, akamshika mkono na kuingia naye.

Baadaye Ngumbao alimfuata Komora kwenye benchi. Hakuwa mtu mbaya. Alishachungulia ile fomu na kuiona tarehe, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kabati lenye muhuri, na kwamba sahihi ya tabibu wa zamu si shida. Atamtilia alama kwenye Anafaa, Jumatatu awe Nairobi. Hakutaka chochote, alisema, ni kusaidiana tu.

Komora alifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukubali baadaye. Alifikiria karo ya mwanawe, na mahindi ambayo mafuriko yalikuwa yameyabeba. Alimfikiria pia dereva mwenzake aliyepatwa na jambo kama lake mara tatu katika miaka sita, na ambaye kila mara alipewa siku tatu za kupumzika na kurudishwa kwenye njia ile ile. Mwenzake huyo sasa hujituliza kwa pombe kabla ya zamu. Komora akamshukuru Ngumbao, akamwambia angoje kwanza.

Ilipofika saa nane dereva wa gari la chanjo alianza kupiga honi. Sista Abdia alitoka na Qabale na Bule, akawapandisha nyuma ya gari pamoja na makasha ya barafu. Alikuwa ameamua kuwapeleka Hola, Bule asilale peke yake usiku huo wala usiofuata. Kisha akamgeukia Komora akiwa na kalamu mkononi. Ngumbao alikuwa ameshamweleza.

"Umenipa mgonjwa ambaye mwezi ujao nisingemkuta," alisema. "Lete fomu yako. Nitie wapi, hapa kwenye Anafaa?"

"Tia kwenye kile kingine, sista."

Akamwangalia juu ya miwani. Alimwambia kwamba amewaona watu waliotiwa alama hiyo, na kwamba kampuni haziwatibu, huwaondoa. Tena hajakaa naye hata dakika tano.

Basi Komora akamwambia. Alisema akiwa amesimama pale uani, honi ikilia. Hakueleza ilivyotokea. Alisema tu kwamba alimwona mama mmoja mwisho wa jukwaa siku tatu na hakushuka, na siku ya nne akamkuta relini. Kwamba polisi walipomaliza kuandika, hapakuwa na dereva wa kumpokea, akaamriwa aimalizie safari mwenyewe, vituo vinne, na abiria ndani wakiuliza mbona tumechelewa. Kwamba sasa akikaa kwenye kiti cha dereva mkono wake unavuta breki kabla yeye hajaamua. Wala hajui lini utakataa kuvuta.

"Umemwambia nani mwingine?" Sista Abdia aliuliza.

"Hakuna."

Akaiweka fomu juu ya boneti ya gari. Alitia alama kwenye Hafai, akaongeza pembeni kwa mwandiko wa kubana: kwa sasa, ameumia akiwa kazini, anahitaji matibabu ya miezi mitatu na kulipwa akiwa chini ya matibabu. Alisaini, akapiga muhuri, akamwandikia namba yake ya simu nyuma ya kadi ya kliniki. Alimwambia asingoje siku ya kliniki mwezi ujao, apige, hata kama hana la kusema. Gari likaondoka. Bule alikuwa ameketi dirishani, na Qabale alikuwa bado amemshika kiwiko.

Kwenye saiba, duka la intaneti karibu na soko, walimpigia picha fomu ile na kuituma. Jibu lilikuja kabla hajamaliza soda. Ofisi ilishukuru kwa kupokea fomu. Kwa kuwa mfanyakazi amethibitishwa hafai kuendesha, mkataba wake utafikia kikomo mwisho wa mwezi, na arudishe sare zote zikiwa safi. Juu ya yale maneno ya pembeni hawakusema kitu.

Komora aliandika kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta. Aliuliza kama kule mwisho wa jukwaa sasa kumewekwa mtu wa kuangalia, au hata kibao chenye namba ya kupiga. Safari hii jibu lilichukua muda. Lilisema suala hilo si la idara ya wafanyakazi.

Alifika Kilelengwani saa kumi na moja na nusu. Josephine alikuwa shambani akipanda upya mahindi kwenye udongo ulioachwa na mto. Alipomwona aliegemea jembe na kungoja. Komora hakuanza na habari ya kazi. Alikaa kwenye tuta, akavua viatu, na akamsimulia tangu asubuhi ile ya kwanza, mambo ambayo kwa miezi mitano alikuwa akimwambia ni uchovu tu. Josephine alisikiliza akiwa amesimama. Komora alipofika kwenye ile siku ya nne, Josephine aliliweka jembe chini.

Hakumwuliza wangekula nini. Alikaa kando yake, akauliza, "Alikuwa anaitwa nani, huyo mama?"

Komora aliwahi kuuliza, mara mbili. Polisi walimwambia jina liko kwenye faili. Ofisini walimwambia dereva hana haja nalo.

"Hawakuniambia," alisema.

Wakakaa pale shambani, mbegu za mahindi bado zimo kwenye kibuyu, mpaka giza likaingia.